Kabla Hujachomoa Plagi: Kwa Wageni wa Kitengo cha Mazingira

Leo asubuhi nimeingia maabara nikakuta friza namba 9 iko kimya. Plagi imechomolewa, waya umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira, na mlangoni pamebandikwa karatasi yenye jani la kijani lililochorwa kwa mkono: "IMEPUMZISHWA. HAINA MWENYEWE. TUNAOKOA UMEME." Chini yake kuna kikatuni kinachotabasamu.

Nilirudisha plagi kwanza, ndipo nikasoma nyuzi: -61. Alhamdulillah. Halafu nikavuta kiti nikacheka peke yangu, maana lile jani ningeweza kulichora mimi. Aliyefanya simtaji. Anajijua, na tangu saa nne ananikwepa kwenye korido.

Vijana wangu, nawapenda na mnanichosha. Kila kundi jipya linaingia kitengo hiki na ari ileile, slaidi zilezile na makosa yaleyale, kana kwamba mnarithishana kwa siri. Basi nimeamua kuandika, ili mwakani mje na makosa mapya.

1. Friza si taa ya korido.

Hesabu mnaijua. Friza ya zamani ya -80 inaweza kula yuniti 20 za umeme kwa siku, sawa na nyumba nzima yenye watu ndani. Ukiipandisha hadi -70 unaokoa kama theluthi moja, na sampuli nyingi wala hazitajua. Ni kweli tupu. Mimi nami nilikuwa nayo hiyo hesabu, kwenye slaidi yenye mshale unaoshuka.

Nilikuwa na miezi 3 kazini. Ijumaa moja jioni, watu wameshaondoka, nilipita friza zote 14 nikabonyeza kila moja kutoka -80 hadi -70. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia kwamba Jumatatu nitawaonyesha matokeo, na matokeo yatanitetea. Hakuna aliyenikatalia kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Nilimaliza kwa dakika 20, nikaenda zangu nikijiona mtu wa maana sana.

Kitu ambacho sikukigusa ni kengele. Kengele za friza zile zilikuwa zimewekwa zilie joto likifika -70, yaani nyuzi 10 juu ya -80. Sasa friza yenyewe iko -70, na friza haitulii kwenye namba moja. Inapanda kidogo, inashuka kidogo. Fikiria mwenyewe. Saa tatu usiku mlinzi akanipigia: "Mkuu, humu ndani panalia kote." Nikamwambia hiyo ni kawaida, ni marekebisho ya kitaalamu. Nakumbuka hayo maneno, "marekebisho ya kitaalamu". Nikamwelekeza kwa simu akazima sauti ya kengele zote kwenye paneli, moja baada ya nyingine. Yule mzee aliuliza mara mbili: "Zote, mkuu?" Zote.

Jumamosi, saa ambayo hatukuijua mpaka leo, kompresa ya friza namba 4 ikafa. Fundi aliyekuja kuifungua alitoa kichujio chake cha hewa akakishika mbele yangu kwa vidole viwili. Vumbi lilikuwa nene kama kipande cha blanketi. Kusafisha kile kichujio ni kazi ya dakika 5, inapunguza umeme, na ilikuwa kwenye orodha yangu. Nilikuwa nimeiweka ya mwisho kwa sababu haina grafu.

Jumatatu saa moja asubuhi sakafu ilikuwa na maji. Kioo cha namba 4 kilisoma 9. Nikatafuta alama ya kutoa mbele ya ile 9. Niliitafuta kweli, niliinama nikafuta kioo kwa mkono wa koti.

Ndani mlikuwa na seramu, yaani majimaji ya damu iliyochujwa chembe zake, za miaka 6 za mtafiti mmoja, mama ambaye wote tulimwita Dokta bila kuongeza jina, kwa heshima tu. Niliomba anipigie kelele. Hakupiga. Alichukua kirija kimoja akakiweka mezani kwangu, akasema, "Kitikise." Nikakitikisa. Kilicheza kama maji. Wino wa lebo ulikuwa umechuruzika, lakini tarehe bado ilisomeka, na ilikuwa ya kabla sijamaliza shule. Akauliza, "Umeokoa yuniti ngapi?" Jibu nilikuwa nalo, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo: friza 14, yuniti 6 kila moja kwa siku, siku mbili na nusu. Nikasema 210. Akafungua daftari lake la maabara akaandika: 210. Akapiga mstari chini yake, akaondoka.

Sehemu ya zile sampuli zilikusanywa upya, kwa sindano mpya, virija vipya, glavu mpya, na safari za gari nisizotaka kuzihesabu. Sehemu haikuwezekana. Damu ya mtu kabla hajaanza dawa huipati tena akishaanza dawa, hata ukipewa bajeti ya dunia nzima. Mnapochora zile duara za taka za maabara, kipande kikubwa huwa hakimo: kazi iliyolazimika kufanywa mara mbili.

Utaratibu, kwa sentensi moja: mwenye sampuli asaini, badilisha kengele pamoja na nyuzi, safisha kichujio, anza na friza moja, na usianze Ijumaa.

2. Mapipa ya viyeyusho.

Pipa la vyenye klorini na pipa la visivyo na klorini hayakutengwa kwa mapambo. Wiki iliyopita mmoja wenu alimimina klorofomu kwenye pipa la asetoni na ethanoli kwa sababu "lile jingine lilikuwa limejaa". Nusu lita tu, akasema. Mpenzi, hiyo nusu lita imelibadilisha pipa zima la lita 200: klorini ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, tanuru lazima liioshe kabla moshi haujatoka, na sisi tunalipia kuoshwa huko kwa lita zote 200. Hiyo asetoni tungeweza kuikeneka na kuitumia tena kuoshea vyombo. Inachemka kwa nyuzi 56, kazi nyepesi kabisa. Na kama ndani ya pipa kungekuwa na besi kali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), klorofomu na asetoni zingepashana moto mpaka tukimbie, na hapo nisingekuwa naandika haya kwa utani.

Asidi ya nitriki isikutane na kiyeyusho chochote cha kikaboni, kamwe. Klorini ya kusafishia isimwagwe kwenye mabaki ya vifaa vya kutolea DNA vyenye guanidini. Inatoa gesi ya sumu. Lebo iandikwe kabla ya tone la kwanza.

3. Kabati la mvuke.

Ni lile kabati lenye feni linalovuta mvuke wa kemikali usiupumue. Ukiondoka, shusha kioo. Kabati la feni ya kasi moja haliokoi umeme kwa kushushwa kioo, najua, mmeshaniambia mara tatu. Shusheni hivyo hivyo, mapafu ni yenu.

4. Plastiki.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walikadiria kwamba maabara za bayolojia duniani zilitoa tani milioni 5.5 za taka za plastiki kwa mwaka mmoja. Mkishaisoma namba hiyo, kila mmoja wenu anataka turudi kwenye vioo kesho. Polepole. Kioo kinaoshwa, kinasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa, kinaingia otoklevu (sufuria ya mvuke wa shinikizo ya kuua vijidudu), na otoklevu niliyoikuta jana ilikuwa inapikwa na bika mbili ndani, kama basi la abiria wawili. Jazeni otoklevu kwanza ndipo tuzungumze. Nunueni ncha za pipeti za kujazia boksi la zamani. Na kabla ya kupanga sahani 12 za jaribio, muulize mtu wa takwimu kama 6 zinatosha. Huyo jamaa wa takwimu ameokoa plastiki kuliko mabango yetu yote, na hajawahi kualikwa kwenye Siku ya Mazingira.

5. Ripoti.

Mnapenda Skopu 2, yaani hewa chafu inayotokana na umeme tunaonunua, kwa sababu ina mita ya kusoma. Kwa kampuni za aina yetu mzigo mkubwa kwa kawaida uko Skopu 3, yaani hewa chafu inayotoka nje ya kuta zetu, hasa kwenye vitu tunavyonunua, na huko hakuna mita, kuna ankara na watu wa ununuzi wasiojibu barua. Nendeni mkakae nao. Friza mbovu isitoke getini kabla fundi hajavuta gesi yake. Gesi nyingi za kupoozea za aina ya HFC hukamata joto mara maelfu kuliko hewa ya ukaa, ndiyo maana nchi zikakubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.

Halafu kuna hili ambalo huwa sisimulii. Ripoti yangu ya robo ile ilikuwa na mstari: "Umeme uliookolewa, majaribio ya friza: yuniti 210." Ya namba 4 haikuwemo. Niliona siyo suala la mazingira, ni suala la usimamizi wa sampuli, kitengo kingine. Ripoti ikabandikwa ubaoni. Asubuhi ya pili nikakuta mtu amezungushia ile 210 kwa kalamu nyekundu, bila neno. Nikaibandua nikaiandika upya, safari hii na hasara yote, ukurasa wa kwanza. Miezi 11 baadaye tulipopandisha friza hadi -70 kwa utaratibu, karatasi ya saini ilianza kwa jina la Dokta. Yeye ndiye aliyenikumbusha kengele.

Turudi kwa namba 9. Mchana nimevaa glavu nzito nikakwangua barafu nione kweli ni ya nani. Maboksi 22, hayana jina, hayana orodha, tarehe tu. Ni nakala za akiba, zile tulizoanza kugawa kwenye friza mbili baada ya mkasa wa namba 4, ili isitokee tena. Mwandiko wa zile tarehe ni wangu.

Kwa hiyo, wewe wa jani la kijani, acha kunikwepa. Kesho saa mbili asubuhi uje na glavu na kalamu isiyofutika. Wewe utasoma, mimi nitaandika. Karatasi yako nimeibandua, ila jani nimelikata nikaliweka mlangoni kwangu, limechorwa vizuri.