Miti Imepotelea Wapi? Majibu kwa Wanaojenga Mandhari kwa Blender

Maswali ya safari hii yana kilio kimoja: ardhi ipo, anga ipo, miti haionekani. Wote wanatumia Blender, programu ya kuchora kwa 3D, na kuotesha miti kwa Geometry Nodes: modifaya (kirekebishi cha umbo la kitu) inayosambaza nakala za mti juu ya ardhi kwa nodi, yaani visanduku vya hatua vilivyounganishwa. Kabla ya kubadili chochote, chagua ardhi, fungua dirisha la "Spreadsheet" na usome idadi iliyo kwenye mstari wa "Instances", yaani nakala za miti. Ikiwa ni sifuri, miti haijaota; kosa liko kwenye msongamano au kichujio. Ikiwa ni maelfu, imeota, ila imefichwa, imezikwa au imekaa pengine.

Nimejenga nyika ya kilomita moja kwa kilomita moja na kuweka msongamano wa 0.01, yaani mti mmoja kila mita za mraba 100. Sioni hata mgunga mmoja.

Bonyeza N uangalie "Scale" ya ardhi. Ikisomeka 500 badala ya 1, basi ulianza na bapa la mita 2 kwa 2, ukalikuza bila kuuthibitisha ukuzaji huo. Nodi ya "Distribute Points on Faces" haipimi ukubwa unaouona kwa macho. Inapima umbo lilivyokuwa kabla ya kukuzwa, mita za mraba 4 tu. Zidisha kwa 0.01 upate miti 0.04. Hakuna kitakachoota.

Bonyeza Ctrl+A, chagua "Scale". Sasa eneo linahesabiwa kuwa mita za mraba 1,000,000, na utapata miti kama 10,000. Tafadhali usiikimbie hatua hii kwa kupandisha msongamano hadi 2,500. Miti itatokea kweli, lakini kila mmoja utarithi ukuzaji wa ardhi: mgunga wa mita 8 utafika kilomita 4, na kamera itajikuta ndani ya shina. Pia usiweke nodi ya "Realize Instances" mwishoni. Nakala nyepesi zinatumia data ya mti mmoja. Ukizigeuza kuwa umbo halisi, mti wa poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) 200,000 mara 10,000 ni poligoni bilioni 2, na kompyuta itaganda.

Nilichuja miti isiote kwenye miteremko mikali. Imetoweka yote, hata tambarare.

Nodi ya "Normal" hutoa mwelekeo wa uso wa ardhi, na Z yake huonyesha unavyoelekea juu. Ukitumia Z iliyo juu ya 0.7, unaruhusu miteremko isiyozidi takriban nyuzi 45. Hesabu ni sahihi, ila uso wa ardhi yako umepinduka, kwa hiyo Z ni hasi kila mahali. Washa "Face Orientation": rangi nyekundu upande wa juu inathibitisha. Ingia Edit Mode, bonyeza A, kisha Shift+N. Kama bado ni nyekundu, bonyeza Alt+N uchague "Flip".

Niliisogeza miti ya asili (ile inayonakiliwa) pembeni isiingie kwenye picha, na msitu mzima ukahama nayo.

Kwenye nodi ya "Collection Info" weka tiki kwenye "Separate Children" na "Reset Children". Bila ya pili, kila nakala hubeba umbali wa mti wa asili: ukiusogeza mita 300, nakala zake nazo zinakaa mita 300 kutoka zilipopaswa kuwa. Kisha weka tiki ya "Pick Instance" kwenye nodi ya "Instance on Points", la sivyo miti yote ya mkusanyo ("Collection") itarundikana kwenye kila nukta.

Ninapofanya kazi naiona miti, nikirenda (kutoa picha ya mwisho) haipo.

Tazama alama ya kamera kwenye modifaya, kisha kwenye miti ya asili. Wengi huizima kwenye miti ya asili ili isitokee kwenye picha, na nakala zake zinapotea pamoja nayo. Iwashe, halafu ondoa tiki ya mkusanyo kwenye orodha ya vitu.

Kama alama ziko sawa, chunguza vilima. Vilima vinavyotokana na matirio ("Material", mpangilio wa mwonekano wa uso) huinuka wakati wa kurenda tu; nodi hazivijui, zinapanda miti kwenye bapa, na udongo unaifukia. Tumia modifaya ya "Displace" badala yake, na iwe juu ya Geometry Nodes kwenye orodha. Hili huwapotezea watu muda kuliko yote, kwa sababu hakuna onyo lolote linalojitokeza.

Miti ya mbali imekatwa kama kwa panga.

Ongeza "Clip End" ya kamera, yaani umbali wa mwisho inaoweza kuona. Kwa mandhari ya kilomita moja weka mita 2,000. Dirisha la kazi lina kipimo chake, kiko kwenye paneli ya N, sehemu ya "View".

Mashina yapo, majani ni miraba ya pinki au meusi.

Pinki ni picha za majani zilizopotea: nenda File, External Data, "Find Missing Files", uelekeze kwenye folda. Weusi kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, mara nyingi ni mwanga kuishiwa ruhusa ya kupenya majani mengi yaliyopangana. Pandisha "Transparent" kwenye "Max Bounces" kutoka 8 hadi 32. Kurenda kutachelewa, lakini msitu mnene hauna njia ya mkato hapa.