Kokteli ya maua isigeuke shira

SWALI: Hamjambo wahariri? Nimeletewa chupa ya St-Germain. Nachanganya nusu kwa nusu na jini, naongeza ndimu kidogo na shira ya sukari, lakini kinywaji kinakuwa kitamu mno na kinanukia marashi. Nakosea wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hiyo shira iache kabisa. St-Germain, pombe ya Ufaransa inayotiwa harufu ya maua ya elda (mti mdogo wa Ulaya wenye maua meupe), ina kilevi asilimia 20 na sukari tele. Sukari ya kokteli yako ni hiyo hiyo. Pima hivi: jini mililita 50, St-Germain 20, maji ya ndimu 20. Ndimu ikamuliwe papo hapo, maana ya chupa ina uchungu unaofunika harufu ya maua.

Barafu ndipo wengi wanapobania. Jaza chombo cha kutikisia hadi juu, kwani vipande vichache huyeyuka upesi na kinywaji kinakuwa majimaji kabla hakijapoa vizuri. Chupa ya jemu inayoziba sawasawa inatosha. Tikisa kwa nguvu sekunde 12, mpaka nje ya chupa pafanye ukungu na vidole vianze kuuma kwa baridi, kisha chuja kwenye glasi iliyotoka kwenye friza. Maji kidogo yanayoyeyuka humo yanahitajika: bila hayo jini inachoma na utamu unaganda ulimini. Ukionja ukakuta bado ni tamu, ongeza ndimu mililita 5, usiongeze jini.

Ukitaka kuichanganya St-Germain na mvinyo wenye gesi kama Prosecco, usitikise kamwe. Gesi itarusha mfuniko. Weka barafu kwenye glasi, mimina St-Germain 30, Prosecco 90, maji ya soda 30, koroga mara moja tu.

Chupa ya St-Germain ikishafunguliwa ikae friji. Haiozi upesi, ila harufu, ambayo ndiyo uliyoinunulia, inapungua mwezi hadi mwezi.

SWALI: Huku kwetu pombe hizo hazipatikani. Choya (rozela) inafaa? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Inafaa sana. Loweka gramu 20 za choya kavu katika vodka mililita 400 kwa saa 12. Ukilaza siku mbili, ukakasi utakushinda. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua. Yeyusha sukari gramu 200 katika maji mililita 150, iache ipoe kabisa ndipo uchanganye. Shira ya moto hupeperusha kilevi pamoja na harufu. Choya ina uchachu wake, kwa hiyo katika vipimo vya hapo juu ndimu ishuke hadi mililita 10.