Nina miaka 71, nikajifunze CPR au nimechelewa?

SWALI: Habari nesi. Nina miaka 71, mume wangu ana 76 na moyo unamsumbua siku nyingi, nyumbani tupo wawili tu. Nimesikia kuna mafunzo ya CPR, ile ya kumbonyeza kifua mtu aliyesimama moyo, nikataka kujiandikisha, watoto wakacheka, wanasema mama hayo ya vijana, wewe magoti yenyewe hayakunji. Na mimi kweli naogopa. Nikimvunja mbavu je? Nikikosea nikammaliza mwenyewe? Niambie ukweli usinifiche. Mama Mkubwa.

JIBU: Shikamoo mama. Nenda kajiandikishe, tena wiki hii hii.

Watoto hawana nia mbaya ila hapo wamekosea. Watu 10 wakisimama moyo nje ya hospitali, kama 7 hivi wanakuwa nyumbani kwao, sasa nyumbani kwako saa nane za usiku yupo nani? Ni wewe mama. Hao vijana wanaosemwa wana nguvu wamelala kwao. Na moyo ukishasimama kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10, ubongo wenyewe unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6, ambulensi hata ikikimbia vipi mara nyingi haiwahi hapo.

Kuhusu kummaliza. Mtu uliyemwita, umemtikisa, haitiki na hapumui, moyo wake umeshasimama, huwezi kumfanya awe na hali mbaya zaidi ya hapo. Mbavu ndiyo zinaweza kuvunjika, hasa za mtu mzima, sikufichi, na ukisikia ule mlio utatetemeka mikono. Usiache. Mbavu zinaunga, mtu akishakufa haungi. Ila kuna kitu kinawapoteza wengi na nakuomba ukishike sana: kuna wanaovuta pumzi mojamoja kwa nguvu, kama anakoroma, kimya kirefu halafu tena, ukimuona unasema ah bado anapumua. Hapo hapumui mama, huo ni mwili unahangaika moyo ukiwa umesimama, anza kubonyeza.

Namna yenyewe, piga simu ya dharura kwanza uweke laudspika, uiache chini pembeni yako, maana sehemu nyingi yule anayepokea anakuelekeza na kukuhesabia huku unafanya. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, viwiko vinyooke, unabonyeza kwenda chini sm 5 mpaka 6 halafu unaachia kifua kirudi chote, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kumpulizia mdomoni kama hujafundishwa acha, Chama cha Moyo cha Marekani tangu 2008 kinasema kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mikono peke yake inatosha kuanzia. Mtoto au aliyezama majini ni habari nyingine, hao wanahitaji na pumzi, mtafundishwa darasani.

Sasa magoti. Darasa moja nililosimamia alikuja bibi mwembamba sana, akakunja kanga mara nne akaiweka chini ya magoti, akaanza kubonyeza yule mdoli wa kufanyia mazoezi kwa mikono na mdoli hatoi mlio wowote (ile midoli mingi inalia klik ukifika kina), jasho linamtoka, anaanza kukata tamaa. Nikamwambia bibi sogea, mabega yako yaje juu ya mikono, usisukume, mwangukie. Klik. Akanitazama. Klik, klik, klik, alipiga karibu dakika nzima ndo akapumzika! Ni uzito wa mwili ule, sio misuli ya mkono, ndo maana nawaambia wazee msijihukumu kabla hamjajaribu. Utachoka ndiyo, hata vijana wanachoka, ndo maana tunapokezana kila dakika 2 kama kuna mtu wa pili. Ukiwa peke yako bonyeza unavyoweza, dhaifu ni bora kuliko kukaa unalia pembeni.

Akiwa kitandani jaribu kumshusha kwa kuvuta shuka aliyolalia, kwenye godoro laini nguvu inapotea. Ukishindwa usimalize dakika unavutana naye, anza hapo hapo.

Na kitu kimoja cha uchungu kidogo. Wengi hawarudi hata wakifanyiwa vizuri kabisa, ikitokea hivyo usije ukajilaumu. Pia kaeni na mzee mkiwa na utulivu umuulize yeye mwenyewe anataka afanyiwe nini siku hiyo ikifika, na daktari wake ajue. Wapo wazee wasiotaka kubonyezwa na hiyo ni haki yao, ila msikie kwake, sio kwa kukisia.

SWALI: Mama yangu ana 74 na ana presha, anang'ang'ania kwenda mafunzo hayo. Nimzuie? Nahofia atazidiwa huko huko.

JIBU: Usimzuie kaka. Muulize daktari wake kama presha imetulia, na mwalimu aambiwe mapema ili amwache apumzike anapotaka. Hata akishindwa kubonyeza kabisa bado kuna mengi ya kubeba: kumtambua aliyesimama moyo, kupiga simu, kuwasha ile mashine ya kushtua ambayo inaongea yenyewe na haipigi umeme kama moyo hauhitaji, na kumsimamia kijana aliyepigwa na butwaa amwambie wewe piga magoti hapa, bonyeza, mimi nahesabu. Ukipata nafasi jiandikisheni wote wawili, mfanye pamoja.