Uliza Mama wa Barabara: Dai Mtaro Kabla ya Lami

Vuli inabisha hodi na barua zimekuwa nyingi. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa fundi sanifu wa barabara hapa kanda ya ziwa mpaka nilipostaafu, na ninayoandika hapa ni ya kazini.

*Shikamoo mama. Mtaa wetu uko mlimani, Mabatini. Wanatuletea moramu, greda linapita, tunashukuru. Vuli ikianza tu, maji yanaibeba yote mpaka bondeni na tunarudi kwenye mawe na makorongo. Vijana wanasema safari hii tudai lami basi. Unatushauri nini? – Mkazi wa Mabatini*

Marahaba mwanangu. Msidai lami. Daini mtaro kwanza, kisha mawe. Lami ikija, ije baada ya hapo.

Vilima vyetu Mwanza ni miamba. Mvua ikinyesha pale juu haina udongo wa kuinywa, inateremka yote kwa wakati mmoja na kwa kasi, na sasa mabati ya nyumba zetu yameiongezea kasi. Maji hayo lazima yapite mahali. Yakikosa mtaro, yatapita barabarani kwako. Moramu inashikana kwa sababu ya ule udongo laini uliomo kati ya kokoto na kwa sababu imeshindiliwa. Maji yakikimbia kufuata urefu wa barabara, udongo laini unaondoka kwanza, kokoto zinabaki hazina kinachozishika, na mvua inayofuata inazizoa. Hata uletewe malori mangapi, mwisho wake ni bondeni, na mzigo mwingine unaishia Mto Mirongo na ziwani.

Barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri ina mgongo. Katikati iko juu, na kila mita moja unayosogea kuelekea pembeni inashuka sentimita 4 hadi 6, ili maji yatoke upesi kwenda mtaroni. Siku ya mvua chukua mwavuli ukasimame utazame. Ukiona maji yanafuata njia za magurudumu, mgongo umekufa. Ukiona yametoka pembeni vizuri kisha yanarudi barabarani mbele kidogo, mgongo ni mzima ila mtaro au kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, limeziba. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya la pili ni rahisi sana kuliko greda.

Niliwahi kusimamia vibarua waliofungua kalavati moja Igogo. Watu walikuwa wanalalamika kwamba limejengwa dogo. Tukaanza kuchimba mdomoni: chupa za plastiki, mifuko ya saruji, nguo, halafu godoro zima lililokunjika likakaa kama kizibo, na nyuma yake mchanga umejaa mpaka juu. Kijana aliyeingia ndani alitumia sururu kuutoa, jembe lilikuwa haliingii. Tulipomaliza tuliona mwanga upande wa pili. Kalavati halikuwa dogo hata kidogo.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Ukipita mitaa yetu utaona mtu amejenga geti zuri, akataka gari liingie, akajaza mtaro kifusi mbele ya nyumba yake. Mita tatu tu. Maji yanayoshuka kutoka juu yanafika pale, yanapanda barabarani, na nyumba kumi za chini zinapata hasara kwa ajili ya geti moja. Anayetaka kuvuka mtaro aweke kalavati au kidaraja cha zege chenye mfuniko unaofunguka. Mwenyekiti wa mtaa analiona jambo hili kila siku, na ni haki yenu kulisema kwenye mkutano bila kuogopa kumuudhi jirani.

Kuhusu mawe: kwenye mwinuko mkali kama wenu, barabara ya mawe ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, wameshajenga za namna hiyo jijini na zinapitika. Mawe tunayo, wapondaji tunao, ujira unabaki mtaani, na bajaji inapata pa kukanyagia hata kukiwa na tope. Jiwe moja likichomoka, linarudishwa na fundi mwenye nyundo. Lami nyepesi ikiwekwa mlimani pasipo mtaro, maji yanaingia chini kupitia kingo zake, inamenyeka, na kuitengeneza tena ni gharama.

Ombi lenu lipelekeni TARURA, maana tangu mwaka 2017 barabara za mitaa, vijiji na wilaya ziko kwao. Lipitie mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari, kisha diwani alifikishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ombi la mwezi Mei limeshachelewa. Andikeni vuli hii hii. Msiandike "barabara mbovu". Andikeni inaanzia wapi, inaishia wapi, ina hatua ngapi, maji yanaingilia wapi, na ambatanisheni picha zilizopigwa mvua ikinyesha. Nilipokuwa kazini, ombi la namna hiyo lilikuwa halikai chini ya mafaili.

*Mama, habari za kazi. Tangu daraja lifunguliwe magari yamekuwa mengi huku kwetu, lakini barabara ya kutoka lami kuingia kijijini bado ni mashimo. Kwa nini waliojenga daraja wasimalizie na hii? – Msomaji, Sengerema*

Nzuri ndugu yangu, na hongereni. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sisi tuliokesha kwenye foleni ya kivuko tunajua thamani yake. Ila daraja na barabara kuu ya kwenda Geita ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ukiacha lami kuingia kijijini umeingia kwa TARURA: mlango mwingine, fungu lingine. Peleka ombi lako huko, kwa namna niliyomweleza mwenzako wa Mabatini.

*Shikamoo bi mkubwa. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Buhongwa. Mvua ikinyesha maji yanakatisha barabara, na abiria ananihimiza, "Pita, mbona yule kapita?" Nitajuaje kama panapitika? – Dereva bodaboda*

Marahaba. Huwezi kujua, na ndiyo maana hupiti.

Maji ya mafuriko ni ya kahawia, hayakuoneshi chini. Mwenzako alipopita pengine lami ilikuwepo, na dakika tano baadaye maji yamekula udongo chini yake na kipande kimeondoka. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama. Sentimita 30 zinatosha kusukuma gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi. Pikipiki yako na watu wawili juu yake sina haja ya kuipigia hesabu.

Kitu kingine ambacho vijana wengi hawakijui: mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo yenye utelezi mbaya zaidi. Miezi yote ile mafuta ya magari na vumbi vimelala juu ya lami. Manyunyu yakianguka, vinachanganyika na kuwa ute. Mvua kubwa ikishapiga kwa muda, lami inaoshwa na utelezi unapungua. Kwa hiyo yale manyunyu ya mwanzo, ambayo kila mtu anakimbiza abiria wa mwisho kabla hajalowa, ndiyo ya kupunguza mwendo. Usifunge breki kwenye mistari ya rangi ya vivuko vya waenda kwa miguu. Breki zote mbili zishike taratibu, pikipiki ikiwa wima. Tairi likiwa kipara halitoi maji chini yake, linaelea.

Na mwavuli wa abiria ukatae. Nimeona dada amefungua mwavuli nyuma ya pikipiki eneo la Mkuyuni, upepo wa ziwani ukaushika, na wote wawili wakaenda upande wa daladala. Walipona kwa rehema za Mungu. Abiria akitaka mwavuli, ashuke asubiri chini ya paa la duka. Nauli itapatikana. Ukiona mtu amebebwa na maji, usimrukie: mtupie kamba au mti mrefu, na piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

*Mama mwenzangu, kijana wangu yuko Minnesota, Marekani, anaendesha gari la kusambaza vifurushi. Baridi ya kwanza kwake inakuja na usiku sipati usingizi nikifikiria hiyo theluji. Nimwambie nini mimi ambaye sijawahi kuiona? – Mama, Nyakato*

Pole mama mwenzangu. Kwanza ujue kule nako barabara zimegawanywa kama hapa: jimbo lina zake, kaunti zake, mji wake, na kila mmoja anatoa magari ya kusukuma theluji na kumwaga chumvi. Chumvi inayeyusha barafu, lakini baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake inapungua sana, na Minnesota hushuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo asidhani kwamba barabara iliyomwagwa chumvi ni salama. Akikutana na gari la theluji akae nyuma yake, mbali, asilipite.

Mwambie aogope madaraja. Upepo wa baridi unapita juu na chini ya daraja, hivyo maji juu yake yanaganda kabla ya barabara nyingine. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana imelowa tu. Juu yake gari linahitaji umbali hata mara kumi ili lisimame. Mwendo mdogo, nafasi kubwa, usukani bila papara.

Akikwama kwenye theluji, abaki garini. Kabla ya kuwasha injini kupata joto, ashuke aondoe theluji kwenye ekzosi, maana ikiziba, moshi unaingia ndani na unaua mtu akiwa usingizini. Awe na blanketi, koleo, tochi na chakula garini. Hali ya barabara ataipata kwa simu 511 kabla hajatoka. Na miji kama Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, asiegeshe gari pale lilipokatazwa, litavutwa na atalipia.

Akipiga simu wiki hii, muulize kama amefunga tairi za baridi. Akisema atafunga baadaye, mwambie akuoneshe kwa video alizonazo sasa, na usikate simu mpaka uone kina cha kashata zake.