Chumba kikuu kiwe juu au chini?

Dada, umeuliza kama chumba chenu kikuu kiwe ghorofani, na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti anahamia kwenu. Kiweke juu. Malindi hii raha ya usiku ni upepo, na kusi, upepo utokao kusini, haikufikii vizuri chini ukishazungukwa na kuta za majirani. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, moja kusini. Ila usilale chini ya slabu tupu: zege hunyonya joto mchana kutwa, likalitema usiku mkiwa kitandani. Ezeka makuti au mabati juu yake, uache nafasi hewa ipite. Mama mpe chumba cha chini chenye choo chake. Na ngazi, fundi asikubanie. Kitanda cha sita kwa sita kitapandaje?