Nilihoji wavuvi 150, nikarudishwa pwani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nafanya utafiti wa mama lishe wa Ngamiani. Watu 100 wanatosha?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo hilo lilinipotezea mwaka mzima.

Utafiti wangu ulikuwa wa kipato cha wavuvi wa Sahare, hapa hapa Tanga. Nilichapa hojaji 150, nikapanda baiskeli, siku nne kazi imekwisha. Wazee wamekaa kivulini wanashona nyavu, wanakukaribisha kahawa, maneno hayawaishi. Ningewaacha niende kumtafuta nani? Sura ya tatu ya ripoti nikaandika kwa madaha kuwa sampuli yangu, yaani watu niliowachagua kuwahoji, ni nasibu: kila mvuvi alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Nasibu gani, na mimi nilihoji kila niliyemkuta amekaa?

Msimamizi wangu hakufika hata sura ya nne. Alizungushia wino mwekundu tarehe za kukusanya data, akaandika pembeni: "Mwezi ulikuwaje?" Nilidhani ananitania. Kumbe mwezi ulikuwa mpevu. Siku hizo boti za dagaa zinalala, maana wanavua kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mabaharia wanakwenda zao makwao. Katika watu wangu 150, wa dagaa walikuwa wanne! Waliobaki ni wa ngalawa na mitumbwi, na kipato chao ndicho nilichokiita "kipato cha wavuvi wa Sahare".

Iliniuma, siwafichi. Inaniuma zaidi nikimkumbuka mwenzetu aliyejaza hojaji zake chumbani kwa kalamu za rangi tatu, akavaa joho mwaka ule ule. Haya, yake yeye.

Nikarudi. Safari hii nilianzia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa ufukweni, wakanipa daftari lenye majina 240. Nikatumia fomula ya Yamane ya kukadiria watu wangapi uwahoji: chukua kosa unaloliruhusu kwenye majibu, lipige kipeo cha pili, zidisha kwa idadi ya watu wote, jumlisha moja, kisha idadi ya watu wote igawe kwa jibu hilo. Kwa kosa la 0.05 nikapata 150. Ndiyo, 150 ile ile! Nikagawa majina kwa matabaka, yaani makundi kwa aina ya uvuvi: dagaa 96, ngalawa na mitumbwi 112, wachokoa pweza 32, wengi wao kina mama ambao mwanzo sikumhoji hata mmoja. Kwa uwiano wakatoka 60, 70 na 20, kwa kura za vikaratasi ndani ya kopo la maziwa. Jina likitoka, namtafuta huyo huyo, si jirani yake. Kuna baharia nilimfuata mara tano. Nilimpata saa kumi alfajiri boti inashusha, akanijibu huku anahesabu ndoo.

Wala msidhani wingi unaokoa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati nchi imeelemewa na ukata. Wao nao walihoji waliokaa kivulini.

Kwa hiyo vijana, acheni uvivu. Tafuta orodha. Ukiikosa, itengeneze kwa miguu yako. Jiulize nani hana nafasi ya kuingia kwenye sampuli yako, kisha mfuate aliko. Narudia, orodha kwanza, hojaji baadaye.

Na wewe dada wa mama lishe, barabara za Ngamiani zina namba, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Ziandike zote, pigia kura, zitakazotoka hoji kila mama lishe aliyemo. Pita asubuhi kwa wa chai na vitumbua, pita tena jioni, maana wa jioni si wale wa asubuhi. Ukimaliza kuorodhesha nitumie daftari lako kabla hujachapa chochote. Nitaangalia tarehe na saa kwanza.