Hofu isiyokwisha: je, mazoezi ya kujisaidia yanafaa?

Dada wa Kadutu, umeuliza kama mazoezi ya kujituliza ya kijitabu na ya simu yanasaidia kweli hofu ya kila siku, ama ni kupoteza muda.

Yanasaidia wengi, ila usiyapime kwa usiku mmoja uliolala vizuri. Tafuta fomu ya GAD-7, inayopima ukali wa hofu: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 21. Andika jumla daftarini, rudia kila wiki 2. Mwongozo wa NICE (2011), taasisi ya Uingereza inayoelekeza matibabu, unataka anayejisomea peke yake ajipe walau wiki 6. Mwenye msaidizi aliyefunzwa wa kumwongoza hukutana naye mara 5 hadi 7, dakika 20 au 30 tu. Mimi ningechagua msaidizi; peke yetu tunaachia kurasa za mwanzo.

Halafu, hapa Bukavu hofu nyingine zina sababu. Zitenge: kodi ya nyumba ina hatua ya kuchukua kesho, lakini hofu ya “je, ikitokea…” ipangie dakika 20 za jioni, si kitandani.

Alama zikigoma kushuka, nenda kituo cha afya. Ukianza kuwaza kufa, nenda leo hii, usingoje wiki 6.